Alama za Taifa la Tanzania: Zilikotoka na Zilivyotufikia

Katika kazi ya kuhifadhi kumbukumbu na kuzungumza na wanafunzi wanaotembelea maonyesho ya historia, nimezoea kuanza na swali moja: rangi nyekundu iko wapi katika alama za taifa letu, na maana yake ni nini? Walio wengi hujibu upesi kwamba nyekundu ni damu ya mashujaa waliopigania uhuru, na baadhi yao husisitiza kwamba imo kwenye bendera. Bendera ya Tanzania haina rangi nyekundu. Rangi hiyo imo katika Nembo ya Taifa, na humo inawakilisha udongo wa Afrika wenye rutuba. Nyekundu yenye maana ya damu ni ya majirani zetu wa Kenya, ambao bendera yao, iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, hukumbuka kwa rangi hiyo mapambano ya kudai uhuru, na nadhani wanafunzi wetu wameisikia maana hiyo mahali fulani wakaihamishia kwao. Sisemi kwamba ardhi yetu haikumwagikiwa damu. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 ni ushahidi tosha. Ninachosema ni kwamba kila rangi na kila mchoro katika alama za nchi umewekwa kwa maana maalumu, na maana hiyo haipatikani kwa kukisia.

Kabla ya kuendelea ni vizuri tuelewane kuhusu majina, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku maneno "alama", "nembo" na "ngao" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Alama za taifa ni jina la jumla linalokusanya bendera, nembo, wimbo wa taifa, Mwenge wa Uhuru na twiga, na katika masomo ya uraia huongezwa fedha, katiba na sikukuu za kitaifa. Nembo ya Taifa ni mchoro mmoja mahususi, ule wenye mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu, ambao wananchi wengi wamezoea kuuita Bibi na Bwana. Ngao, kwa maana halisi, ni ile sehemu ya katikati ya mchoro huo, ingawa wengi hulitumia neno hilo kwa nembo nzima na husikika hivyo hata katika hotuba.

Nianze na bendera, kwa kuwa ndiyo inayoonekana na wengi zaidi na ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi alama hizi zilivyokua kwa kuongezwa juu ya zilizotangulia. Chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa na bendera yenye mistari mitatu ya kulala: kijani juu, nyeusi katikati na kijani chini. Bendera hiyo ndiyo iliyopepea katika mikutano ya kudai uhuru. Tanganyika ilipokaribia kujitawala, wazo la kuwa na bendera ya nchi halikuanza na karatasi tupu. Rangi za chama zilichukuliwa kama zilivyo, kisha pembeni mwa mstari mweusi ikaongezwa mistari miwili myembamba ya rangi ya dhahabu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja wa taifa jijini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa na hiyo mpya ikapanda mlingotini, na kuanzia saa ile kitambaa kilichokuwa cha chama, kwa kuongezewa mistari hiyo miwili, kikawa cha nchi nzima. Miaka miwili baadaye Kenya ilifanya jambo linalofanana mno na hilo: nyeusi, nyekundu na kijani za chama cha KANU zilitenganishwa kwa mistari myembamba myeupe yenye maana ya amani, ikapatikana bendera ya taifa.

Upande wa Zanzibar historia ilikwenda kwa kasi zaidi, na wasomaji wengi wa Bara hawaijui vizuri. Kwa muda mrefu bendera ya Sultani ilikuwa kitambaa chekundu kitupu. Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, ikiwa bado chini ya Sultani, kitambaa hicho chekundu kiliwekewa duara la kijani katikati na ndani yake karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Bendera hiyo iliishi kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache tu, kwa sababu tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi. Serikali ya Mapinduzi kwanza ilitumia bendera yenye nyeusi, njano na buluu, na kabla mwezi huo haujaisha ikaingia nyingine yenye buluu, nyeusi na kijani, rangi ambazo tayari zilijulikana kwa wanachama wa Afro-Shirazi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiishi Unguja aliona, kati ya Desemba 1963 na Januari 1964, bendera nne zikipokezana: ya Sultani isiyo na alama, ya uhuru yenye karafuu, ya kwanza ya Mapinduzi na ya pili ya Mapinduzi. Ninaomba msomaji aikumbuke ile karafuu, kwa sababu tutakutana nayo tena.

Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na bendera ya Jamhuri ya Muungano ikakubaliwa rasmi tarehe 30 Juni mwaka huohuo, miezi kadhaa kabla nchi yenyewe haijapewa jina la Tanzania. Waliopewa kazi ya kuibuni walikuwa na tatizo la kweli mbele yao. Kama wangeendelea na mistari ya kulala, upande mmoja ungekuwa juu ya mwingine. Walichofanya ni kuugeuza mpangilio mzima uwe wa mshazari. Mstari mweusi uliokuwa katikati ya bendera zote mbili ukapanda kutoka kona ya chini iliyo upande wa mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, ukiwa na kingo zake za dhahabu kutoka Tanganyika. Kijani cha Tanganyika kikachukua pembetatu ya juu iliyo karibu na mlingoti. Buluu ya Zanzibar ikachukua pembetatu ya chini ya upande unaopepea. Mimi huiona kuwa kazi ya busara kubwa, kwa kuwa nyeusi, ambayo ni watu, ndiyo iliyobaki katikati na ndiyo inayogusa pande zote mbili. Kijani ni ardhi na uoto wake, dhahabu ni madini, na buluu ni bahari, maziwa na mito.

Maelezo hayo ya kona yana faida ya kila siku. Urefu wa bendera ni mara moja na nusu ya upana wake, na makosa ambayo watu hufanya mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kuizungusha nusu duara ikawa juu chini, kosa linalotokea kwa urahisi kwa sababu bendera yetu ikigeuzwa hivyo bado mstari wake mweusi unabaki na mshazari uleule. Kinachokuumbua ni rangi: ukiona buluu iko juu karibu na mlingoti na kijani iko chini, bendera imepinduliwa. La pili ni kuichapa au kuishona mstari mweusi ukishuka kutoka juu mlingotini kwenda chini, jambo linaloonekana kwenye vitambaa vya mapambo na fulana. Wananchi wa zamani wanakumbuka pia adabu ya kusimama. Saa kumi na mbili asubuhi bendera inapopandishwa na saa kumi na mbili jioni inaposhushwa kwenye kituo cha polisi au ofisi ya serikali, mpita njia husimama wima mpaka shughuli iishe, na mwenye baiskeli au gari naye husimama. Desturi hiyo bado ipo, na inafaa watoto waelezwe sababu yake wasije wakadhani ni woga wa askari.

Zanzibar ina bendera yake tena tangu Januari 2005, yenye buluu, nyeusi na kijani zile za mwaka 1964, na bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Mgeni anayeiona Forodhani, huko Unguja, kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni kitu kipya, kumbe kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu iliyorudishwa.

Wimbo wa Taifa una historia ndefu kuliko alama zote nyingine, na ulianzia mbali na kwetu. Mwaka 1897 mwalimu mmoja wa Kixhosa, Enoch Mankayi Sontonga, aliyekuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg na kuongoza kwaya ya wanafunzi wake, alitunga ombi la kumwomba Mungu aibariki Afrika. Alitunga sauti na maneno ya mwanzo, na alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, bila kujua wimbo wake ungefika wapi. Tarehe 8 Januari 1912, huko Bloemfontein, Afrika Kusini, uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kilijulikana kama ANC. Mwaka 1923 mwandishi Solomon Plaatje aliurekodi jijini London, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti. Kwa njia ya makanisa, shule na vyama vya siasa ulisambaa kusini mwa bara hadi ukafika kwetu.

Tanganyika ilipouchukua mwaka 1961 na kuuimba kwa Kiswahili, ilitokea hali ambayo inastahili kutafakariwa. Huko ulikozaliwa, chama cha ANC kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka mmoja kabla, na kuuimba ulikuwa ni upinzani dhidi ya utawala wa ubaguzi. Wimbo uliokuwa wa upinzani Afrika Kusini ulikuwa wimbo wa dola jijini Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliopokelewa hapa, wale waliofanya mkutano wao mkuu Morogoro mwaka 1969 na wale waliosoma baadaye katika chuo cha Solomon Mahlangu huko Mazimbu, walisikia sauti waliyoijua tangu utotoni ikiimbwa katika sherehe za serikali ya nchi iliyowahifadhi. Zambia nayo ilitumia sauti ileile tangu mwaka 1964 na bado inaitumia kwa maneno yake mengine, Zimbabwe iliutumia hadi mwaka 1994, na Afrika Kusini yenyewe iliufanya wimbo wa taifa baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, kisha mwaka 1997 ukaunganishwa na wimbo wa zamani wa nchi hiyo.

Katika Kiswahili wimbo wetu una beti mbili, na mpangilio wake una maana. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika nzima na viongozi wake. Nchi yetu haitajwi mpaka ubeti wa pili. Baada ya Muungano kubadilika kwake kulikuwa kudogo, kwa kuwa jina la Tanganyika liliondoka na la Tanzania likachukua nafasi yake bila kuvuruga mizani. Inafaa pia kueleza kwamba ule wimbo wa kizalendo unaopendwa sana mashuleni, unaolitaja jina la Tanzania mara mbili mwanzoni, si Wimbo wa Taifa, hata kama watoto wameuzoea zaidi na huuimba kwa sauti kubwa zaidi.

Mwenge wa Uhuru ulianza kama maneno. Tarehe 22 Oktoba 1959, Mwalimu Julius Nyerere akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha moto na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hadi nje ya mipaka, ulete matumaini mahali palipokuwa na kukata tamaa, upendo mahali palipokuwa na chuki, na heshima mahali palipokuwa na dharau. Baraza lile liliendeshwa kwa Kiingereza, na neno alilolitumia Mwalimu siku ile lilikuwa la mshumaa. Kiswahili ndicho kilichougeuza mshumaa ukawa mwenge. Msemaji yeyote wa lugha yetu ataona kwa nini: mshumaa ni wa ndani ya nyumba na upepo mdogo huuzima, lakini mwenge ni moto wa safari, unaobebwa usiku mkononi na kukabidhiwa mtu mwingine. Tangu hapo neno mwenge limeshika, na hakuna anayekumbuka mshumaa.

Miaka miwili baadaye maneno hayo yalitekelezwa kama yalivyosemwa. Usiku wa uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akiwa na mwenge na bendera mpya. Mahali pale palikuwa na jina la Kaizari Wilhelm wa Ujerumani, jina lililowekwa na Mjerumani Hans Meyer alipofika huko na Ludwig Purtscheller mwezi Oktoba 1889. Baada ya usiku ule kilele kikaitwa Uhuru. Mbio za Mwenge zilianza mwaka 1964, na katika miaka ya karibuni kilele chake kimekuwa tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu. Nchi ilipoanza kutoa sarafu zake mwenyewe mwaka 1966, sarafu ya shilingi moja ilichorwa mkono ulioshika mwenge. Sarafu ndogo ziliachiwa wanyama: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini na sungura kwenye senti hamsini. Wenye umri wa kutosha watazikumbuka.

Kuhusu twiga nitasema kwa kifupi, kwa kuwa jambo lake la msingi ni moja na watu wengi hushangaa wanapoambiwa. Twiga hakuchaguliwa baada ya uhuru. Kichwa cha twiga kilikuwa kwenye bendera ya Tanganyika iliyotumiwa na utawala wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndani ya duara jeupe kwenye kitambaa chekundu. Uhuru ulipokuja, kitambaa kile kiliondoka pamoja na wenyewe, lakini mnyama akabaki. Noti za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 1966 zilikuwa na kichwa cha twiga kinachoonekana noti ikielekezwa kwenye mwanga, na leo yuko kwenye mikia ya ndege za shirika letu na katika jina la timu ya taifa ya mpira wa miguu ya wanawake. Sioni aibu yoyote katika hilo. Twiga alikuwa akila migunga ya nyika zetu kabla mtawala yeyote hajamchora.

Sasa tufike kwenye Nembo ya Taifa, ambayo nimeiweka mwisho kwa sababu ndani yake zimo karibu alama zote tulizokwisha kuzitaja. Anayetaka kuisoma aanze na ngao ya katikati, kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa ni ya dhahabu, yaani madini ya nchi, na juu yake unawaka mwenge wenye maana ya uhuru, mwanga na elimu. Chini yake imekaa bendera ya taifa. Kinachofuata ni ile sehemu nyekundu tuliyoanza nayo, udongo wenye rutuba, na juu ya udongo huo zimepishanishwa jembe na shoka, zana ambazo wananchi walizitumia kuijenga nchi. Sehemu ya mwisho ni mistari ya mawimbi, buluu na nyeupe, ambayo ni bahari, maziwa na fukwe zetu. Katikati ya yote hayo umesimama mkuki, wenye maana ya kuulinda uhuru uliopatikana.

Hapa niweke tahadhari moja. Watu huchanganya jembe na shoka za nembo na jembe na nyundo za Chama Cha Mapinduzi, na nimewahi kuona michoro ya shuleni ambamo nembo ya nchi imewekewa nyundo. Hizo ni alama mbili tofauti, moja ya nchi na moja ya chama cha siasa, na zina umri tofauti: chama hicho kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, wakati shoka ya nembo ilikuwapo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Ukumbuke tu kwamba aliyeichora nembo alikuwa akiifikiria nchi ya wakulima waliokuwa wakifyeka msitu ili wapande.

Ngao hiyo imesimama juu ya mlima Kilimanjaro. Wanaoishika ni mwanamume na mwanamke, kila mmoja akiwa na pembe ya ndovu, na kwamba ni wawili, tena wenye hadhi sawa na mzigo mmoja, ni jambo lililokusudiwa, kwa maana inayotolewa ni ya ushirikiano. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu na miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Ndiyo ile karafuu niliyomwomba msomaji aikumbuke. Januari 1964 iliondoka kwenye bendera pamoja na Sultani, lakini katika nembo ya Muungano imo, safari hii ikiwa mmea wenye mizizi, uliopandwa kando ya pamba ya Bara. Aliyelima karafuu Pemba na aliyelima pamba Usukumani wamewekwa chini ya ngao moja.

Chini kabisa kuna utepe wenye maneno mawili na kiunganishi: Uhuru na Umoja. Nchi nyingi zilizopata uhuru miaka ileile ziliandika maneno ya namna hiyo kwa lugha ya waliokuwa watawala, au kwa Kilatini, lugha ambayo raia zao hawaijui. Sisi tuliandika kwa Kiswahili, na Kenya nayo iliandika Harambee. Bibi yangu, ambaye hakupata nafasi ya kusoma zaidi ya kisomo cha watu wazima, aliweza kuyasoma maneno ya utepe ule kwenye cheti na kuyaelewa bila mkalimani, na sidhani kwamba hilo ni jambo dogo.

Nembo nayo ilipitia mabadiliko. Tanganyika ilikuwa na ngao yake tangu uhuru, na ndani ya ngao ile, mahali palipo na bendera, palikuwa na bendera ya Tanganyika. Muungano ulipokuja na bendera ikabadilika, nembo haikuweza kubaki vilevile. Hii ndiyo sababu mhifadhi akiletewa hati ya zamani isiyo na tarehe hutazama kwanza bendera iliyo ndani ya nembo: mistari ikiwa imelala, hati hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya Tanganyika, ikiwa ya mshazari, ni ya Muungano. Vyeti na barua ambazo wazee wetu wamezihifadhi masandukuni zinaweza kupangiwa wakati wake kwa alama hiyo ndogo kuliko kucha.

Linabaki swali ambalo wananchi huniuliza kuliko mengine yote: nani aliichora? Mwaka 2017 nchi nzima ilimfahamu mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekuwa akiishi Buguruni jijini Dar es Salaam, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akieleza kwamba nembo ile ilitoka mkononi mwake. Habari zake zilipoenea alikuwa tayari mzee na mgonjwa, na alifariki mwezi Mei mwaka huo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Si jina lake pekee ambalo limewahi kutajwa; wapo wengine ambao familia zao zinaeleza kwamba wazee wao ndio walioichora, nao wanazungumza kwa uhakika uleule.

Ninapoulizwa upande wangu katika jambo hili, hueleza namna kazi ya aina hii inavyofanyika. Mchoro wa nembo hauishii kwa mtu mmoja. Yuko anayetoa wazo la kilichomo, yuko anayechora kwa penseli mara ya kwanza, yuko anayeunyoosha mchoro na kuutia rangi, na yuko wa kiwandani anayeukatia klishe, yaani bamba la kuchapia, ili uchapike kwenye karatasi na kupigwa kwenye chuma. Nembo ilipobadilishwa baada ya Muungano hatua hizo zilibidi zipitiwe upya, pengine na mikono mingine kabisa. Watu wawili au watatu wanaweza kusema "niliichora mimi" bila yeyote kati yao kuwa mwongo. Kinachoweza kuwatofautisha ni karatasi: mchoro wa awali wenye tarehe, barua ya kuagiza kazi, hati ya malipo, picha ya mchoraji akiwa kazini. Ushuhuda wa mdomo una thamani, na mimi ni miongoni mwa wanaourekodi, lakini kwa jambo la zaidi ya miaka sitini waliokuwapo wamebaki wachache mno.

Kwa hiyo mwenye sanduku la marehemu baba au babu aliyefanya kazi katika idara ya uchapaji, shule ya sanaa, ofisi za chama au za serikali kati ya mwaka 1960 na 1965, ninamsihi alifungue kabla mchwa hawajamtangulia. Asitenganishe karatasi na bahasha yake, kwa sababu mhuri wa posta wa bahasha mara nyingi ndio tarehe pekee iliyopo. Asizibandike kwa gundi wala kuzitia kwenye plastiki ya moto. Asizikunje ikiwezekana, aziweke pakavu, aandike kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli jina la aliyekuwa nazo na namna alivyozipata, kisha azipeleke kwa watunza nyaraka au makumbusho ziangaliwe. Akizitaka tena atarudishiwa, na nakala itabaki.